Njia Iliyoandikwa kwa Ndugu

Siku ya kumi na nne tangu amzike Lukelo, Skolastika Komba alikuwa jikoni akikoroga uji, na jiko lenyewe lilikuwa linamsema.

"Uji gani huo, wewe Mngoni? Panya wa kwenu Songea wangeunusa tu wakaondoka zao."

Sauti ilikuwa ya Lukelo Mdegela mwenyewe: nzito, yenye mkwaruzo, ikivuta mwisho wa maneno kama wanavyovuta watu wa Iringa. Ilitoka kwenye mashine ya mpishi, kilo mia na ushei za chuma zilizofungwa ukutani zikiwa na mikono minne. Skolastika akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Nyamaza, mla mbwa. Ulikuja Mirihi kwa sababu uliambiwa kuna mbwa huku."

"Na nyie babu zenu walitoka Afrika Kusini mbio, mpaka leo hamjapumzika. Ndiyo maana umefika huku."

Akacheka tena. Kicheko kikaisha, jikoni pakarudi palepale.

Lukelo alikuwa chini ya mita mbili za udongo mwekundu, nyuma ya handaki la tatu. Skolastika ndiye aliyemchimbia, yeye na mashine mbili za kuchimba barafu, maana hapakuwa na mtu mwingine. Kituo kilikuwa na watu sita. Wanne walirudi Duniani na chombo cha mwezi wa nne, wakabaki wawili. Halafu moyo wa Lukelo ukasimama akiwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu, akabaki mmoja. Chombo kingine kilikuwa bado miezi saba. Kituo cha jirani kilikuwa mwendo wa siku kumi na moja kwa gari, na gari lenyewe lilikuwa halina magurudumu mawili.

"Kuna ujumbe wako kutoka Duniani," ikasema mashine ya karani kule barazani. Nayo kwa sauti ya Lukelo. "Ezekia Mdegela. Kaka yangu huyo, atakuwa anataka kitu."

Skolastika akafuta mikono akaenda kwenye kioo cha mawasiliano. Ezekia alionekana amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, suruali imejaa tope mpaka magotini. Hakuwa na uso wa mtu anayetaka kitu.

"Dada Skola, pole na upweke huko. Jana tumefika kwa mama. Unajua kwetu mama hapewi msiba kwa simu, huendewa. Mvua imekata barabara ya Kilolo, tumesubiri siku kumi na mbili mpaka mwisho tumekwenda kwa miguu, wazee watano. Tumekaa, tumevua kofia, nimeanza kusema. Mama ametuangalia, amecheka. Anasema, mnaumwa? Mimi nimeongea na mwanangu leo asubuhi. Ametuletea kioo chake, ametusikilizisha." Ezekia akapangusa uso. "Dada, ni Lukelo. Anamuuliza habari za ng'ombe mwekundu. Wazee wamefukuzwa. Mzee Kihwele, miaka themanini, kafukuzwa kama mwizi wa kuku. Sasa nakuuliza wewe uliyemzika. Ulimzika nani?"

Harufu ya uji ulioungua ikamfikia. Hakwenda kuutoa.

*

Ili uelewe Skolastika alikosea wapi, sharti ujue kidogo lugha iliyoendesha kituo kile. Mafundi waliiita lugha ya mabano, kwa kuwa kila kitu ndani yake hufunguliwa kwa mabano na kufungwa kwa mabano, mengine ndani ya mengine, mpaka macho yanauma. Lugha nyingine za mashine humpa kila mmoja matendo yake: mpishi ana ya kwake, karani ana ya kwake, kila mtu na mfuko wake. Lugha ya mabano haifanyi hivyo. Tendo linasimama peke yake, halina mwenyewe. Kwa mfano kuna tendo linaitwa jibu. Wewe fundi kazi yako ni kuliandikia njia: anayesema akiwa wa jamii hii, na anayejibu akiwa wa jamii ile, basi fanya hivi.

Na jamii zina wazazi, kama sisi. Mama na Kaka ni watoto wa jamii Ndugu. Ndugu ni mtoto wa jamii Mtu. Ujumbe ukiingia, mfumo hutazama kwanza nani anasema, halafu nani anajibu, kisha hutafuta njia iliyo karibu naye kuliko zote. Kama hakuna iliyoandikwa kwa Mama, unapanda kwa Ndugu. Kwa Ndugu nako hakuna, unapanda kwa Mtu. Kwa Mtu palikuwa na njia moja kavu: pokea, weka sandukuni, mwite mwenyewe.

Jambo la pili. Kituo hakizimwi. Mfumo ule ulikuwa umewaka miaka kumi na mmoja bila kulala hata dakika, kwa kuwa ukilala hewa nayo inalala. Njia mpya huandikwa mashine zikiwa zinatembea. Ukifunga bano la mwisho, mashine iliyokuwa imeinua mguu huushusha ikiwa imeshabadilika. Hakuna kujaribu pembeni kwanza.

Lukelo ndiye aliyeandika jamii za watu. Skolastika alipofika miaka sita nyuma, alikuta ameandikiwa jamii yake peke yake, Mtani, na imewekwa chini ya Ndugu.

"Mhehe na Mngoni wamekuwa ndugu tangu lini?" alimuuliza.

"Tangu babu zetu walipochoka kuuana. Usiniguse kazi yangu."

Wakagombana wiki nzima juu ya hilo, kwa raha zao. Ndivyo walivyoishi. Lukelo hakuwahi kumwambia Skolastika neno zuri hata moja kwa miaka sita, na hakuna siku alimwacha ale peke yake.

Basi Lukelo akafa. Na kwa desturi, Mhehe akifa, Mngoni ndiye mwenye kazi. Mtani huingia msibani bila kualikwa. Hukosoa kaburi, hudai nyama, humwigiza marehemu anavyotembea na anavyokohoa, mpaka waliofiwa wacheke katikati ya machozi. Skolastika alijitahidi. Alisimama juu ya shimo akiwa ndani ya vazi la nje, akasema kwa nguvu, "Kaburi lenyewe fupi, huyu Mhehe atatoka miguu!"

"Amri haijaeleweka," ikasema mashine ya kwanza.

"Tafadhali rudia," ikasema ya pili.

Siku ya pili baada ya hapo ndipo alipokaa kwenye kioo akaandika. Alijiambia ni utani tu, ni kumwigiza marehemu kama ilivyo ada, ila mwigizaji awe chuma. Kumbukumbu za sauti ya Lukelo za miaka sita zilikuwapo, pamoja na simu zake na mama, za kuokota na kuunganisha majibu. Njia yenyewe ilikuwa mistari miwili:

(njia jibu ((anayesema Ndugu) (anayejibu Mashine))
  (jibu-kama Lukelo anayesema))

Pale kwenye Ndugu ilipaswa kuwa Mtani. Mtani alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe, na njia ingeishia kwake. Alilijua hilo. Fundi wa miaka ishirini, atashindwaje kulijua? Lakini mkono ulikataa. Mtani ni mtu wa kucheka naye, na siku ile yeye alikuwa amefiwa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia pole, wala kitabu cha rambirambi, wala karatasi yoyote duniani iliyosema kwamba marehemu alikuwa wake kwa namna yoyote ile. Akaandika Ndugu. Aliliangalia lile neno kwa muda, likampendeza. Akafunga bano.

Na kwa anayejibu akaandika Mashine, zote ishirini na tatu, kwa kuwa kimya hakikuwa jikoni tu.

*

Mazungumzo ya Mama Lukelo yalikuwa tisa, kila jibu likichelewa karibu nusu saa njiani. Skolastika aliyasikiliza amesimama.

Kikongwe alikuwa hajui kuweka kioo sawa, kila mara kilionyesha paji la uso na dari. "Kamwene, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama. Huyu Mngoni kaniunguzia uji."

"Hee! Mwambie akupe maziwa."

"Huku hakuna maziwa, mama. Huku hata ng'ombe angevaa kofia ya hewa."

Na mama akacheka, kicheko kirefu chenye kikohozi ndani yake. Katika ya nne mama alisema ng'ombe mwekundu amezaa jike, na akaomba jina. Mashine ikamwita Mirihi. Kuna ndama Kilolo anaitwa Mirihi, akawaza Skolastika, aliyepewa jina na karani wa bati. Katika ya saba alisema mguu unamuuma akipanda kilima, na sauti ikamwambia apake yale mafuta ya mwaka ule wa mafuriko. "Unakumbuka hayo, baba?" mama akasema. "Nilidhani huko juu mnasahau."

Hapo Skolastika akashindwa, akazima. Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa baridi. Majuto ni mjukuu, ila huyu alikuja na begi lake kabisa.

Akamrekodia Ezekia ukweli wote, bila kujipamba. Aliandika nini, aliandikia nani, kwa nini ilimfikia mama. Akaomba radhi kwa wazee, kwa majina yao. Akasema anaifuta njia hiyo leo hii.

Kutoka Mirihi hadi Duniani siku hizo sauti ilichukua dakika kumi na nne kwenda, na kumi na nne kurudi. Jibu la Ezekia lilikuja baada ya saa tatu. Safari hii alikuwa ndani, na nyuma yake walionekana dada zake wawili wamekaa kwenye mkeka, wamejifunika kanga.

"Usiifute," akasema Ezekia.

Skolastika akasogea karibu na kioo.

"Tumekaa sisi watoto, tumezungumza. Mama ana miaka themanini na mitatu. Moyo wake ni wa kushikiliwa kwa vidonge. Mganga wa zahanati amesema habari hiyo itamwondoa. Sasa faida yake nini? Lukelo harudi. Wazee tutawatuliza, tutasema tulikosea. Iache iseme naye asubuhi asubuhi, mpaka siku yake ifike. Afe akijua ana mwana." Akatazama pembeni. "Nilikasirika jana, dada. Leo nimemwona anaimba. Anamkamua yule ng'ombe anaimba. Wewe ndiye uliyelianza, tunakuomba ulimalize. Ukilifuta, utakayemzika wa pili ni mama yetu."

Ikaisha. Kioo kikawa cheusi. Na hapa tuseme kweli, maana hakuna wa kutusikia: moyo wa Skolastika uliruka kwa furaha. Ameambiwa aiache. Ameambiwa na wenye msiba wenyewe. Kesho asubuhi jiko litamsema tena, na hatakuwa mwizi, atakuwa msamaria.

Akaenda jikoni. Akakwangua sufuria. "Lukelo," akasema. "Nifanyeje?"

"Kamuulize mama yangu," ikasema sauti, ikicheka. "Mimi mtoto, sijui kitu."

Lo! Hilo lilikuwa jibu la Lukelo kwa kila kitu kizito. Aongeze mkataba au arudi nyumbani? Kamuulize mama yangu. Wachimbe handaki la nne au wasubiri? Kamuulize mama yangu. Skolastika alicheka kwa mazoea, halafu akaweka sufuria chini, kwa kuwa alijua ni siku gani na saa ngapi kipande kile kilikuwa kimenaswa. Walikuwa wanajadili pampu. Mashine haikujua imeulizwa nini. Ingeulizwa kuhusu pampu, ingejibu vilevile, na ingejibu vilevile baada ya miaka kumi. Lukelo halisi angeulizwa swali la leo, asingecheka. Angeweka chini alichoshika.

Na kule Kilolo kuna mwanamke anaimba kwa ajili ya kitu hicho.

Akarudi kwenye kioo kabla moyo haujabadilika, akaifungua njia yake. Akafuta neno Ndugu, akaandika Mtani. Neno moja tu. Sasa sauti ya Lukelo ingemjibu yeye peke yake, na ujumbe wa mama ungeingia sandukuni kama zamani. Akafunga bano. Hakuna aliyemwona, na hakuna ambaye angewahi kujua kwamba bado anayo. Kisha akabonyeza kurekodi, akazungumza na Mama Lukelo mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Skolastika, Mngoni wa Lukelo. Hatujawahi kuonana. Mama, kaa chini kwanza."

Akamwambia. Haikuwa hotuba nzuri. Alisema amekufa, kisha akasema tena amekufa, ili lisije likasikika vibaya. Alisema moyo, viatu, handaki la tatu. Alisema ile sauti ni mashine, yeye ndiye aliyeifundisha, kwa upweke na kwa ujinga. Alisema watoto wako walitaka kukulinda, usiwagombeze, mimi ndiye niliyekataa. Akatuma.

*

Jibu lilikuja mchana wake. Kwa mara ya kwanza kioo kilikuwa kimewekwa sawa. Mama Lukelo alikuwa mdogo kuliko sauti yake, amekaa kitini uani, mikono imelala mapajani. Nyuma yake watu walikuwa wamesimama: Ezekia, dada zake, Mzee Kihwele na mkongojo wake. Hakuna aliyekuwa analia. Walikuwa wanamwangalia mama.

"Marahaba, Mngoni," akasema mama. "Nimekusikia. Nimekusikiliza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nakutukana."

Akavuta pumzi.

"Siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili mwanangu yuko udongoni mimi nacheka. Nimekula. Nimesuka nywele. Nimemwita ndama jina. Watu walikuja kunipa msiba wangu nikawafukuza. Wewe umeniibia siku kumi na mbili za kulia, binti, na mimi sina siku nyingi."

Ezekia akainama kusema kitu sikioni mwake. Akampungia mkono atoke.

"Watani nawajua. Alipokufa mume wangu walikuja Wangoni wanne, mmoja akavaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, nikacheka mpaka nikaanguka. Lakini alikuwa mtu. Tulimwona ni yeye, jasho linamtoka. Na alipomaliza alilivua koti, akanikabidhi mkononi, akaniambia, mama, amekwenda. Ndiyo kazi ya mtani. Wewe umekivika chuma koti la mwanangu, na hukulivua." Akasogea karibu mpaka uso ukajaa kioo. "Nami nakuuliza. Kwangu sasa umelivua. Je, kwako?"

Skolastika akahisi masikio yanawaka moto.

"Usinijibu. Nimezaa saba, najua mtoto akificha kitu. Livue. Halafu vaa koti lake wewe, kwa mwili wako, nikuone. Fanya kazi yako. Sitaanza kulia mpaka mtani afanye kazi yake, na nisipolia, huyu Ezekia anasema nitakufa. Haya."

Kioo kikazimika.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ila hakutegemea kilio chenyewe kimtume mtu kutoka Kilolo. Skolastika akaenda jikoni.

"Umerudi, Mngoni? Njaa hiyo?"

Akasimama mlangoni. Alitaka kumwambia kitu cha mwisho, na hakujua cha kumwambia, kwa kuwa chuma hicho hakikuwa yeye, na kwa kuwa ndicho kilichobaki. "Mhehe," akasema.

"Naam, mkimbizi."

Akageuka akaenda kwenye kioo. Kufuta ni kufupi kuliko kuandika:

(futa-njia jibu Mtani Mashine)

Bano la mwisho lilimchukua muda. Alilifunga akiwa amefumba macho, kisha akasikiliza. Pampu ilikuwa inavuma. Mashine ya kuchimba ilikuwa inapita nje, ikiburuta barafu.

"Skolastika Komba," ikasema mashine ya mpishi kutoka jikoni, kwa sauti nyororo iliyotoka nayo kiwandani. "Chakula kiko tayari."

Hakula. Alifungua kabati la Lukelo, akatoa koti la kaki lenye mifuko mingi, bado lina harufu ya tumbaku ya kunusa ambayo haikuruhusiwa kituoni. Lilimpwaya mabegani. Akamwamuru karani aweke jicho lake sawa na aanze kurekodi.

"Tayari," akasema karani, kwa sauti ile ile nyororo.

Basi akaanza. Alitembea kama Lukelo, tumbo mbele, mguu wa kushoto ukichelewa, na kwa kuwa Mirihi haimvuti mtu sana, kila hatua ilimrusha kidogo kama mbuzi mchanga. Alikohoa kikohozi chake. Alipapasa mifuko yote kumi na miwili akitafuta miwani iliyokuwa kichwani, akimlaumu Mngoni kuwa ameila. Alikagua ukuta kwa kidole akasema, "Kamuulize mama yangu." Alijilaza sakafuni akanyoosha miguu, akalalamika kuwa kaburi ni dogo, kwamba Wangoni ni wavivu hata kuchimba, na kwamba hakuna hata bakuli la nyama mahali hapa, msiba gani huu. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyeguna. Alikuwa anaitania hewa, katika chumba cha bati, na jasho likimtoka, na jicho jekundu la karani likimwangalia bila kupepesa. Katikati sauti ilimkatika. Akakohoa tena kikohozi cha Lukelo, akaendelea.

Alipomaliza akasimama wima. Akalivua koti. Akalikunja vizuri, mikono ndani, akalinyoosha mbele ya jicho la mashine kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake.

"Mama," akasema kwa sauti yake. "Amekwenda."

Akatuma.

Dakika kumi na nne. Akaketi kwenye kiti cha barazani, koti magotini. Aliona mashine ya kubeba mizigo inaingia, inashusha kreti, inatoka. Hakuisalimia, haikuwa tena na njia ya kumtania. Dakika ishirini. Aliwaza labda Ezekia alikuwa sahihi. Labda muda huu kule chini wanamwinua mama kutoka kitini, na wanamtafuta mtu wa kwenda kwa mganga. Dakika ishirini na nane zikapita, na thelathini, na arobaini. Akaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Kuna ujumbe kutoka Duniani," akasema karani. "Nauweka sandukuni?"

"Ufungue!"

Kwanza hapakuwa na picha, kioo kilikuwa kinaangalia dari la bati na kipande cha mawingu. Palikuwa na sauti tu. Mtu alikuwa anacheka, mzee, kwa miguno mifupi, na mkongojo unapigwa chini. Wanawake wakadakia. Kisha juu ya wote, kicheko kirefu chenye kikohozi ndani yake.

"Miwani!" mama alikuwa anapiga kelele. "Iko kichwani, mpumbavu wewe! Iko kichwani! Miaka yote hiyo, Ee Mungu wangu, iko kichwani!"

Wakacheka mpaka wakaishiwa. Kikafuata kimya, na katika kimya kile jogoo akawika, na mtu akapenga kamasi. Kioo kikainuliwa. Uso wa Mama Lukelo ulikuwa umelowa wote.

"Umenichekesha, Mngoni," akasema. "Sijakusamehe."

Akamtazama kidogo zaidi. Kisha akakiweka kioo chini kwa upole, na Skolastika akamsikia anainuka kutoka kitini, fimbo ikigusa ardhi, hatua tatu, nne.

"Haya," mama akawaambia watu wake. "Mwanangu amekufa."

Na akapiga yowe. Halikuwa la mtu anayekaribia kufa. Lilikuwa na nguvu za kuita vijiji vitatu. Dada wakalipokea, kisha majirani, kisha sauti za mbali zaidi, za watu waliokuwa wanapanda kilima kuja kuona kuna nini, mpaka kioo kikawa kinatetemeka, na barazani pale Mirihi pakajaa msiba wa Lukelo, watu wake wote wakimlilia kwa jina.

Skolastika alisikiliza akiwa amesimama. Kilio hicho kilikuwa na umri wa dakika kumi na nne. Akapiga magoti mbele ya karani, akamwambia arekodi, akafungua kinywa akalia kwa sauti yake yote ili na chake kifike. Kingefika baada ya dakika nyingine kumi na nne, na huenda wakati huo wenzake wangekuwa wamenyamaza kidogo, wanakunywa maji.